Faini Imekwenda Serikalini, Hasara Imebaki Kariakoo

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, ikakaa ndani ya pochi pamoja na leseni ya biashara na picha ya mjukuu. Mama aliikunjua juu ya meza ya kukatia vitambaa, akailaza kwa viganja viwili, akaniambia nisome mstari wa tatu. Saa 23:47, yaani saa tano na dakika arobaini na saba usiku. Jina la akaunti iliyoingia kwenye mfumo wa duka lilikuwa la mhasibu, na mhasibu huyo alikuwa ameacha kazi wiki sita nyuma.

Naeleza haya kwa ruhusa yake, na jina lake nabaki nalo; hapa nitamwita Mama tu. Anauza vitenge kwa jumla, mtaa wa pili kutoka Msimbazi. Mfumo wake si wa ajabu: kompyuta moja dukani, programu ya mauzo na stoo inayofunguka pia kwa simu, na akaunti tano. Mhasibu alipoondoka alirudisha funguo za droo na kitambulisho. Nywila hakuna aliyemwomba. Ndani ya siku tisa aliingia mara kumi na moja, akapakua orodha ya wateja wa mikoani, Songea, Kahama, Tunduma, pamoja na bei ambayo kila mmoja anauziwa. Kwa mfanyabiashara wa jumla hakuna siri kubwa kuliko hiyo. Mwezi uliofuata wateja wakaanza kupigiwa simu na duka jingine, ambalo kila doti lilikuwa likiiuza kwa bei ya chini kidogo tu kuliko ya Mama.

Alikwenda polisi, akapewa RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, akaandika maelezo, akaambiwa asubiri. Upelelezi ulichukua muda mrefu lakini ulifanyika, na wapelelezi walifanya kazi yao. Kijana akafikishwa mahakamani, akakiri, akahukumiwa faini ya shilingi milioni tatu au kifungo. Ndugu zake wakalipa kabla jua halijazama.

"Mwanangu," Mama akaniuliza, "hizo milioni tatu zimekwenda wapi?"

Nikamwambia zimekwenda Serikalini.

"Kwani aliyeingiliwa ni Serikali au ni mimi?"

Nimekuwa wakili kwa miaka kadhaa hapa Dar es Salaam, na swali hilo halikupaswa kunichukua zaidi ya dakika mbili kulijibu. Lilinichukua wiki mbili. Bado jibu lenyewe nimelijenga kwa vipande vilivyookotwa huku na huko, na ndiyo sababu naandika.

Tuanze na kile alichohukumiwa kijana yule. Sheria ya Makosa ya Mtandao, Namba 14 ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza mtu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tatu, au mara tatu ya manufaa aliyoyapata, yoyote iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Kifungu kinachofuata kinamgusa hata yule aliyeingia kihalali akaendelea kubaki ndani baada ya ruhusa yake kwisha. Ni vifungu vikali, na kwa upande wa jinai vinatosha. Tazama lakini neno moja: mara tatu ya manufaa aliyoyapata. Kipimo ni alichovuna mkosaji. Alichopoteza Mama hakikuulizwa na mtu yeyote, kwa sababu kifungu hakikiulizi.

Sheria hiyohiyo inapofika kwenye wizi wa haki miliki kwa njia ya kompyuta, inasema mkosaji, pamoja na faini na kifungo, atawajibika kumlipa fidia aliyeathirika kadiri mahakama itakavyoona ni haki. Watunga sheria walimkumbuka mwenye wimbo na mwenye kitabu, wakafanya vizuri. Mwenye duka ambaye mfumo wake umefunguliwa usiku hawakumwandikia sentensi kama hiyo, na sijawahi kusikia sababu.

Wenzangu watanikumbusha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Ni kweli, inampa hakimu uwezo wa kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia mtu aliyepata hasara, pale ambapo fidia hiyo ingeweza kudaiwa kwa kesi ya madai. Ila Mama katika kesi ile alikuwa shahidi wa pili. Shahidi huingia kizimbani, huapa, hujibu maswali, hushuka. Hana wakili wake ndani ya kesi, hana nafasi ya kusimama siku ya adhabu na kusema nina risiti hizi. Mwendesha mashtaka hakuomba amri ya fidia. Mama hakujua kwamba kuna kitu cha kuombwa. Siku hukumu inasomwa alikuwa bandarini akifuatilia mzigo.

Na pale ambapo mshtakiwa anaachiwa, au hafikishwi mahakamani kabisa, amri hiyo haipo. Jinai inataka uthibitisho usioacha shaka ya msingi. Madai yanaamuliwa kwa mizani ya uwezekano, upande upi una uzito zaidi. Mtu anaweza kushindwa kufungwa na bado akastahili kulipa. Ukiifunga fidia kwenye mkia wa hukumu ya jinai, umewanyima watu wote ambao ushahidi wao unatosha kudai lakini hautoshi kufunga.

Katiba yetu, ibara ya 107A(2)(c), inaziagiza mahakama kutoa fidia ipasavyo kwa watu wanaoathirika kutokana na makosa ya watu wengine, kwa mujibu wa sheria mahsusi iliyotungwa na Bunge. Nimeisoma ibara hiyo mara nyingi kwa kesi za ajali na za kashfa. Safari hii niliisoma nikisimama kwenye maneno ya mwisho. Kwa mtu aliyeingiliwa mfumo wake, sheria mahsusi iko wapi?

Haipo. Kwa hiyo wakili anarudi kwenye ghala la zamani. Sheria yetu ya madhara, ile inayomwezesha aliyeumizwa na mwenzake kudai fidia, kwa sehemu kubwa haikuandikwa na Bunge, tuliipokea. Sheria ya Urekebu na Matumizi ya Sheria (Judicature and Application of Laws Act) inasema mahakama zetu zitatumia sheria za kawaida za Kiingereza na kanuni za usawa kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Mwaka 1920 mali ya mfanyabiashara ilikuwa mizigo, punda, mashua, daftari la deni. Kulikuwa na dai la kuingilia mali ya mtu inayohamishika: ukigusa mali yangu bila ruhusa ukaiharibu au ukaninyima matumizi yake, unanilipa. Je, kuingia kwenye kompyuta kutoka chumbani kwako Mbagala ni kuigusa?

Wamarekani waligombana juu ya hili kabla yetu. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya kampuni ya Intel dhidi ya mfanyakazi wake wa zamani, Hamidi, aliyekuwa akituma barua pepe za kuilaumu kampuni kwa maelfu ya wafanyakazi wake. Kwa kura nne kwa tatu majaji walisema dai la kuingilia mali halisimami, kwa sababu kompyuta hazikuharibika wala kupungua uwezo. Kilichoumia kilikuwa muda na utulivu wa watu, na hicho hakikuwa kompyuta. Nauheshimu uamuzi ule, maana ulilinda haki ya mtu kusema. Ila ukiuleta Kariakoo na kuutumia kama ulivyo, Mama amekwisha. Mhasibu hakuharibu chochote. Aliingia, akasoma, akanakili, akatoka, na asubuhi mashine iliwaka kama kawaida. Orodha ya wateja bado ilikuwepo mahali pake. Thamani yake ndiyo iliyokuwa imeondoka.

Njia ya pili ni mkataba na uvunjaji wa siri. Hii ina nguvu zaidi, na ndiyo ninayoiegemea, kwa sababu mtu aliyekabidhiwa siri ya biashara anafungwa nayo hata baada ya kuondoka. Lakini hapa kuna shimo ambalo mawakili wengi wamelitumbukia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaipa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mamlaka juu ya migogoro ya kazi hata ile inayotokana na madhara, ikiwa kiasi kinachodaiwa kiko chini ya mamlaka ya Mahakama Kuu. Wakili wa upande wa pili atasimama siku ya kwanza na pingamizi la awali: huu ni mgogoro wa mwajiri na mwajiriwa, upelekwe Tume. Ukifika Tume, kanuni zake zinakupa siku sitini tangu mgogoro ulipozuka. Siku sitini baada ya kuingiliwa, Mama alikuwa bado anafuatilia jalada. Mimi nitajibu kwamba siku anaingia hakuwa tena mwajiriwa, alikuwa mgeni kama mgeni mwingine yeyote. Naamini hoja hiyo ni sahihi. Lakini ni mzigo kwa mtu aliyeibiwa kwanza kushinda ubishi wa mlango gani apige hodi.

Kisha ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Watu wengi wananiambia, "Wakili, si kuna sheria mpya ile?" Ipo, na ni nzuri, na inazungumzia fidia waziwazi. Ila soma inamlinda nani. Inamlinda mtu ambaye taarifa zake binafsi zimekusanywa, dhidi ya aliyezikusanya na kuzitunza. Katika mkasa huu watu hao ni wale wateja wa Songea na Kahama, ambao majina na namba zao za simu zilitoka. Na aliyezikusanya ni nani? Ni Mama mwenyewe. Yeye ndiye aliyetakiwa kuzilinda, na akaunti ya mhasibu ilikaa wazi wiki sita. Mteja mmoja akiamua kwenda kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mlalamikiwa anaweza kuwa huyu niliyekaa naye mezani.

Nilipomweleza hivyo alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwita kijana wake wa stoo, akamwambia azime akaunti zote za watu walioondoka, sasa hivi, kabla sijamaliza chai. Zilikuwa mbili zaidi.

Silaumu sheria ile. Inafanya kazi iliyotungiwa, na mwenye duka anayetunza namba za watu lazima awajibike kwazo. Ninachosema ni kwamba tumejenga upande mmoja wa nyumba. Mteja anaweza kumdai mwenye duka. Mwenye duka hana kifungu cha kumshikia aliyeingia dukani. Na orodha ya bei, hesabu za stoo, michoro ya bidhaa, hivyo si taarifa binafsi za mtu yeyote, kwa hiyo sheria ile haivihusu.

Waingereza pia wamepita kwenye ugumu huu. Sheria yao ya mwaka 1990 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta ni ya jinai tupu. Mwaka 2020 Mahakama yao ya Juu iliamua kesi ya maduka ya Morrisons, ambako mkaguzi wa ndani mwenye kinyongo, Andrew Skelton, alimwaga kwenye intaneti taarifa za mishahara za wafanyakazi karibu 100,000. Yeye alikuwa amefungwa miaka minane. Wafanyakazi wakamdai mwajiri, wakashindwa mwishoni, kwa kuwa alichofanya Skelton kilikuwa kisasi chake binafsi, si kazi aliyotumwa. Kwetu hapa swali hilo linanukia kila siku: mfanyakazi wa kampuni ya simu anapobadilisha laini ya mteja kwa hila, mtu akaamka asubuhi simu haina mtandao na salio limefutika, mwajiri anajitetea kwa maneno hayohayo. Uamuzi ule kwetu ni wa kushawishi tu, haufungi, na ningependa kuona mahakama zetu zikiupima kwa makini kabla ya kuukumbatia.

Marekani walifanya kitu ambacho sisi hatujafanya. Sheria yao ya udukuzi ya mwaka 1986 ilianza kama ya jinai. Mwaka 1994 Bunge lao likaongeza haki ya aliyeathirika kufungua kesi ya madai mwenyewe. Kwa kawaida anaonyesha hasara isiyopungua dola 5,000 ndani ya mwaka mmoja, na ana miaka miwili ya kudai. Jambo la maana zaidi ni tafsiri ya hasara: inajumuisha gharama ya kuchunguza kilichotokea na kurudisha mfumo katika hali yake, hata kama hakuna waya uliokatika. Ndivyo WhatsApp walivyoishitaki kampuni ya NSO ya Israeli mwaka 2019, kwa kupenyeza programu ya ujasusi kwenye simu zipatazo 1,400. Mei 2025 baraza la wazee wa mahakama lilitoa fidia halisi ya dola 444,719, na juu yake fidia ya adhabu ya zaidi ya dola milioni 167, ambayo jaji baadaye aliishusha sana. Mimi nashikilia ile namba ndogo. Ilihusu kazi ya wahandisi walioacha shughuli zao wakakaa kuziba tundu. Fundi wa Mama alikesha usiku mbili akifanya kazi ileile kwa kipimo cha Kariakoo, akalipwa laki saba na nusu.

Kwa mfano wa kuiga, hata hivyo, ningekwenda India kabla ya Marekani. Sheria yao ya Teknolojia ya Habari ya mwaka 2000, kifungu cha 43, inasema moja kwa moja kwamba anayeingia kwenye kompyuta au mtandao bila ruhusa ya mwenye nacho, au kunakili data yake, atawajibika kulipa fidia kwa aliyeathirika. Tena madai hayaendi kwanza kwenye mahakama za kawaida. Yanaanzia kwa afisa mwamuzi aliyeteuliwa, mwenye mamlaka ya madai ya hadi rupia milioni 50. Wana sheria za kurithi kutoka Uingereza kama sisi, na hawakusubiri majaji wazinyooshe zifike kwenye kompyuta.

Basi ninachokitaka ni marekebisho mafupi ya sheria yetu ya 2015. Kifungu kimoja kimpe mwenye mfumo, na mwenye data iliyomo, haki ya kudai fidia kutoka kwa aliyeingia bila ruhusa, iwe kuna kesi ya jinai au hakuna. Kitaje kwamba gharama za uchunguzi, ukarabati na biashara iliyosimama ni hasara. Kiipe mahakama uwezo wa kuamuru kampuni ya simu au ya intaneti itaje aliyekuwa nyuma ya namba fulani, chini ya usimamizi wa hakimu. Hili la mwisho si dogo. Tulipanga foleni tangu Mei 2019 kusajili laini kwa alama za vidole, nchi nzima. Leo mtu aliyetapeliwa akitaka kumdai tapeli mahakamani anakwama palepale kwenye sanduku la kwanza la hati ya madai: jina na anwani ya mdaiwa.

Hofu moja naikubali kabisa. Neno "bila ruhusa" likiachwa pana, mwajiri atamshitaki karani aliyefungua mechi ya Simba na Yanga kwenye kompyuta ya ofisi, na taasisi itamshitaki kijana aliyegundua tundu kwenye mfumo wake na kuipigia simu kuiambia. Mahakama ya Juu ya Marekani ililigusa hili mwaka 2021 katika kesi ya Van Buren, sajini wa polisi wa Georgia aliyetafuta namba ya gari kwenye kanzidata ya kazini kwa malipo ya pembeni. Majaji sita dhidi ya watatu walisema sheria ya udukuzi inauliza kama mlango ulikuwa wazi kwako au umefungwa. Nia mbaya ya mtu mwenye ruhusa ina sheria zake nyingine. Nadhani hapo walikata vizuri. Mhasibu wetu mlango wake ulifungwa siku alipoacha kazi, hata kama mwenye nyumba alisahau kugeuza ufunguo. Usahaulifu huo unaweza kupunguza kiasi anacholipwa Mama. Hauwezi kumgeuza mvamizi kuwa mgeni mwalikwa.

Tukirudi kwake. Sheria ya Ukomo inatoa miaka mitatu kwa madai ya madhara na sita kwa ya mkataba, na mitatu yake inaisha Machi. Kitu kimoja kinamsaidia: Sheria ya Ushahidi inaichukulia hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, kuwa ushahidi wa mwisho kwamba aliyehukumiwa alitenda kosa hilo. Kwa hiyo hatutabishana tena kama kijana aliingia. Tutabishana juu ya dai lenyewe linaitwaje na hasara ni kiasi gani, na fidia maalumu, yaani ya hasara inayohesabika kwa fedha, Mahakama ya Rufani imerudia kwa miaka mingi kwamba lazima itajwe bayana na kuthibitishwa kwa ukali.

Jumamosi tulikaa tena kwenye meza ya vitambaa, tukapanga risiti. Laki saba na nusu ya fundi. Nauli ya basi ya Songea kwenda na kurudi, na gesti usiku mmoja, alipokwenda kumtuliza mteja wa miaka kumi na minne ambaye bado hajarudi. Daftari la mauzo la miezi sita kabla na miezi sita baada. Siku mbili duka lilipofungwa, akaniuliza anaziandikaje, kwa kuwa siku hizo hakuna risiti hata moja. Nikamwambia alete risiti za siku mbili kama hizo za mwaka uliotangulia, tutaanzia hapo. Akavaa miwani, akavuta boksi jingine kutoka chini ya meza.